Kumkataza mkosaji na kumnasihi kiongozi: kwa siri au hadharani?

Mwalimu wa Madrasa (mwuliza swali)

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, wazee wangu na ndugu zangu.

Nina mambo mawili ambayo kwangu yameingiliana kiasi kwamba sijui niyatenganishie wapi, nami naomba mnivumilie niyaeleze kwa urefu. Ninafundisha watoto katika msikiti wa mji mdogo ulio kando ya barabara kuu iendayo Gulu, hapa Uganda. Ijumaa tatu zilizopita aliingia msikitini kijana tunayemfahamu sote, mwendesha bodaboda, ametawadha na maji bado yanamchuruzika viwikoni, lakini mdomo wake unanuka waragi. Hakuwa anayumba wala kupayuka; alisimama safu ya nyuma, kimya. Ndugu aliyekuwa kando yake alimshika ukosi wa shati akamtoa hadi barazani mbele ya wanafunzi wangu, huku akimwambia kwa sauti kwamba nyumba ya Mwenyezi Mungu si kilabu cha pombe. Kijana alichukua kandambili zake akaondoka nazo mkononi, na tangu siku ile hatujamwona. Yule ndugu, tulipomuuliza, alijibu kwamba ametekeleza hadithi ya Mtume (s.a.w.): atakayeona uovu miongoni mwenu na auondoe kwa mkono wake.

Jambo la pili linamhusu diwani wetu, ambaye ni Muislamu na husali nasi. Alikabidhiwa saruji ya kujengea vyoo vya madrasa, na katika mkutano tulitangaziwa mifuko 60, ilhali daftari la mlinzi wa stoo linaonyesha mifuko 38. Kijana mmoja alipiga picha ukurasa wa daftari, akarekodi ujumbe wa sauti akimwita diwani mwizi, akausambaza katika makundi manne ya WhatsApp. Ijumaa iliyofuata imamu alisema kwenye hotuba kwamba kumsema kiongozi hadharani ni mwenendo wa Khawariji, kundi la kale lililowaasi viongozi wa Waislamu, na kwamba mwenye nasaha aipeleke kwa siri. Vijana nao wanauliza: siri hadi lini, na vyoo vijengwe kwa kitu gani? Sasa wapo watu wanaosali safu moja ambao wakitoka nje hawapeani mikono.

Swali langu ni hili. Hadithi ya kuondoa uovu kwa mkono na hadithi ya kumnasihi kiongozi faraghani zinakutana wapi? Na hukumu zinazotajwa vitabuni juu ya sultani, je, zinamhusu diwani, mwenyekiti wa LC (baraza la mtaa), au mtawala asiye Muislamu, sisi tulio wachache katika nchi hii?

Mzee wa Arua

Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu mwalimu.

Niruhusu nianze na yule kijana wa bodaboda, kwa sababu naona wengi watamkimbilia diwani na kumwacha yeye barazani. Hadithi aliyoitaja ndugu yenu ni sahihi, imo katika mkusanyiko wa Muslim kutoka kwa Abu Said al-Khudri, lakini aliisoma robo. Mtume (s.a.w.) alisema mkono, kisha ulimi kwa asiyeweza, kisha moyo, na hiyo ya mwisho akaiita imani dhaifu kabisa. Wanazuoni walipoufafanua mkono waliuweka kwa mwenye mamlaka juu ya jambo lenyewe: baba kwa mwanawe mdogo, mwenye nyumba ndani ya nyumba yake, hakimu kwa aliyeletwa mbele yake. Hawakumkabidhi kila mwenye misuli ukosi wa shati la mwenzake.

Hata hivyo, simnyimi ndugu yenu haki yake. Qurani inakataza kuikaribia swala mtu akiwa amelewa mpaka ajue anachokisema (Suratu Nisaa, aya ya 43), na Mtume (s.a.w.) alimtaka hata aliyekula kitunguu saumu ajitenge na msikiti kwa ajili ya harufu. Kwa hiyo kulikuwa na neno la kumwambia yule kijana. Angeweza kuinama sikioni mwake na kusema: ndugu yangu, nenda kapumzike, ukiwa sawa njoo usali, nami nitakungoja. Yote hayo yangemalizika kabla ya iqama, mwito wa kuanza swala, bila mtoto yeyote kugeuza shingo.

Tazama namna Mtume (s.a.w.) mwenyewe alivyofanya. Bedui alisimama akakojoa ndani ya msikiti wa Madina, na masahaba wakamkurupukia. Akawaambia wamwache amalize, kisha akaagiza ndoo ya maji imwagwe mahali pale, akawakumbusha kwamba wametumwa kurahisisha na hawakutumwa kutia uzito. Na katika mapokezi ya Bukhari, aliletwa mtu aliyekunywa pombe akaadhibiwa, adhabu haikuondolewa, maana dhambi ni dhambi, lakini mmoja wa waliohudhuria alipomwambia, Mwenyezi Mungu akufedheheshe, Mtume (s.a.w.) alimkataza akasema wasimsaidie shetani dhidi ya ndugu yao. Ninyi mmemfukuza kijana kwenye safu, na shetani hakulazimika hata kuvuka barabara kumfuata, kwa kuwa stendi ya bodaboda na kilabu cha waragi, kwa kawaida ya miji yetu, vinatazamana.

Mwanazuoni Ibn al-Qayyim aliandika kwamba kukataza uovu kuna hali nne: uovu uondoke na wema ushike nafasi yake, au upungue ingawa haukwisha, au uje uovu mwingine ulio sawa nao, au uje ulio mkubwa zaidi. Mbili za kwanza ni sheria, ya tatu ni mahali pa kupima, ya nne ni haramu. Akasimulia kwamba mwalimu wake, Ibn Taymiyya, alipita na wenzake mbele ya Watatari waliokuwa wanakunywa pombe, mwenzake mmoja akataka kuwakataza, naye akamzuia: pombe imeharamishwa kwa sababu inazuia swala na kumkumbuka Mwenyezi Mungu, na hawa inawazuia kuua watu na kupora mali zao. Hakuihalalisha pombe, alipima kitakachokuja nyuma ya kukataza. Ndugu yenu hakupima.

Sasa diwani. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kwamba sahaba Usama bin Zayd aliambiwa: kwa nini huendi kwa Uthman, khalifa wa wakati ule, ukazungumza naye? Akajibu: mnadhani sizungumzi naye isipokuwa niwasikilizishe ninyi? Nimezungumza naye baina yangu na yeye, pasipo kufungua mlango ambao sipendi niwe wa kwanza kuufungua. Watu huishia hapo wanapoisoma, na mimi niliishia hapo kwa miaka mingi. Lakini Usama aliendelea kusimulia habari ya mtu atakayetupwa motoni, matumbo yake yamwagike, azunguke nayo kama punda azungukavyo kinu, kwa sababu alikuwa akiamrisha mema na hayatendi. Onyo hilo linamfuata mtoa nasaha mwenyewe, mwenye simu mkononi na mwenye mimbari vilevile.

Iko pia hadithi ya Iyadh bin Ghanm, iliyopokewa na Imamu Ahmad, kwamba atakaye kumnasihi mwenye mamlaka asiidhihirishe, bali amshike mkono na kujitenga naye, akikubali ni kheri, na asipokubali, mtoa nasaha ametimiza wajibu. Wataalamu wa hadithi wana maneno juu ya sanadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake, lakini maana yake inakwenda sambamba na alivyotenda Usama.

Kuhusu mtawala asiye Muislamu, Musa na Harun walitumwa kwa Firauni, aliyejiita mungu, wakaamrishwa wamwambie maneno laini (Suratu Twaha, aya ya 44). Na historia ya nchi yetu hii ilianza vivyo hivyo. Mwaka 1844 Sheikh Ahmed bin Ibrahim, mfanyabiashara aliyetoka pwani, alikuwa katika lubiri, kasri la Kabaka (mfalme) Suuna wa Pili wa Buganda, wakati Kabaka alipoamuru raia wauawe. Wazee wetu wamesimulia kwamba alisimama akamwambia Kabaka kuwa watu wale, na yeye mwenyewe, wameumbwa na Mwenyezi Mungu, na kwamba ni kosa kuwaangamiza. Suuna hakumuua. Alitaka kumjua huyo Mungu anayetajwa, na akaanza kufundishwa Qurani. Mgeni asiye na mkuki hata mmoja aliyasema hayo mbele ya uso wa Kabaka, si nyuma ya ua wa matete.

Raia Mwema, Jinja

Assalaam alaykum. Namheshimu Mzee, lakini nahofia kwamba maneno yake mazuri yatatumiwa na wasio wazuri. Diwani si sultani. Tumempigia kura, analipwa kutoka katika kodi zetu, na Katiba ya mwaka 1995, kifungu cha 17, imemwekea kila raia wajibu wa kupambana na rushwa na matumizi mabaya ya mali ya umma. Saruji ile si aibu ya chumbani kwake ambayo ninatakiwa kuisitiri. Ni vyoo vya watoto. Kwa nini nimshike mkono na kujitenga naye, kama kwamba ndiye aliyedhulumiwa?

Na kwa kuwa Mzee amemtaja Suuna, asimsahau mwanawe. Mwaka 1876 Kabaka Muteesa wa Kwanza aliwachoma vijana wa Kiislamu pale Namugongo, ambao idadi yao hutajwa kuwa takriban 70, kwa sababu walikataa kusali nyuma yake kwa kuwa hakutahiriwa, na kukataa nyama iliyochinjwa na watu wake. Hao hawakunong'ona.

Hajati Mwalimu, Mbale

Wa alaykum salaam nyote.

Nitajaribu kuwa mfupi, ingawa wanafunzi wangu watacheka wakisoma hivyo.

Kwanza, imamu wenu amekosea kulitumia neno Khawariji. Hao ni watu waliowakufurisha Waislamu kwa madhambi na kuwatolea upanga, na mmoja wao ndiye aliyemuua Ali bin Abi Talib. Kijana aliyetuma ujumbe wa sauti kwa hasira anaweza kuwa amesengenya, anaweza kuwa amezua, lakini hajawa Khawariji, na kumbandika jina hilo juu ya mimbari ni kufanya kilekile alichokatazwa yeye: kumtia mtu aibu hadharani kabla ya kumwita na kumsikiliza.

Pili, hadithi ya mkono aliyoitaja mwalimu ina kisa ambacho nashangaa hakijatajwa. Marwan bin al-Hakam, gavana wa Madina, alitanguliza hotuba ya Idi kabla ya swala, kinyume na sunna. Mtu mmoja akasimama palepale, mbele ya umati, akamwambia kwamba swala ndiyo hutangulia. Marwan akajibu kuwa hayo yameachwa. Ndipo Abu Said akasema, huyu ametimiza wajibu wake, na akaisoma hadithi. Kwa hiyo hadithi ileile iliyotumiwa kumkokota kijana mnyonge wa bodaboda ilisomwa mara ile kumuunga mkono mtu aliyemsahihisha gavana kwa ulimi. Na katika mapokezi ya Bukhari, Abu Said mwenyewe alimvuta Marwan nguo, na Marwan akamvuta.

Usama na yule mtu wa siku ya Idi hawapingani. Kosa la Marwan lilikuwa linatendeka wakati ule, mbele ya watu wote, na kama angenyamaziwa watu wangelichukua kuwa dini. Na yeye mwenyewe alikuwapo, anasikia na anaweza kujibu. Mtume (s.a.w.) aliposema kwamba jihadi bora ni neno la uadilifu mbele ya mtawala dhalimu, alisema mbele yake. Mzee amelitia mkononi neno hilo hilo aliposimulia habari ya Sheikh Ahmed bin Ibrahim, kisha akalipita. Ujumbe wa sauti uliozunguka makundi manne, na diwani hayumo hata katika moja, haukuwa mbele ya mtu.

Tatu, na hapa niko pamoja na ndugu wa Jinja: mali ya umma haina sitara ile ya dhambi ya mtu na Mola wake. Mtume (s.a.w.) alimtuma mtu aitwaye Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka. Aliporudi alisema, hii ni yenu, na hii nimepewa zawadi. Mtume (s.a.w.) alimfanyia hesabu, na akamuuliza mbona hakukaa nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama zawadi itamfuata. Kisha akapanda mimbari akawaeleza watu wote ubaya wa jambo hilo, akisema kuna mtumishi tunayempa kazi naye anasema hivi na hivi, pasipo kulitaja jina lake. Hesabu ilifanywa na mhusika akiwapo, na mafunzo yakawa ya umma. Imamu wenu angeweza kuhutubia juu ya amana ya saruji Ijumaa nzima bila kumtaja diwani, na kila mtu angeelewa.

Aya ya 148 ya Suratu Nisaa imetuambia kwamba Mwenyezi Mungu hapendi maneno mabaya kutangazwa, isipokuwa kwa aliyedhulumiwa. Aliyedhulumiwa ana sauti. Lakini kabla ya sauti kuna aya ya 6 ya Suratul Hujurat, isemayo tuhakikishe habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Mifuko 60 imetangazwa kwa mdomo na 38 imeandikwa na mlinzi. Kati ya hizo mbili hakuna aliyeuliza.

Mzee wa Arua

Hajati amenisahihisha, na nimekubali. Nililisisitiza neno faragha nikasahau kwamba Hisham bin Hakim alipopita Sham akawakuta wakulima wasio Waislamu wamesimamishwa juani kwa ajili ya kodi, aliisoma hadithi papo hapo, kwamba Mwenyezi Mungu atawaadhibu wanaowatesa watu duniani. Kisha hakuishia njiani, akaingia kwa amiri, Umayr bin Sa'd, akamweleza, na amiri akaamuru waachiwe. Imo katika Muslim. Kusema alisema, lakini miguu yake nayo ilifika mlangoni kwa mwenye uwezo wa kuwaachia.

Ama ndugu yangu wa Jinja, wale wa Namugongo usiwafanye hoja ya ujumbe wa sauti. Hawakumtukana Muteesa wala hawakumchochea mtu kumpindua. Waliambiwa watende wanaloamini kuwa ni haramu, wakakataa kutenda. Hakuna kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba. Na mtu akifikia hapo haulizwi siri wala hadharani, anaulizwa kama atakula ile nyama au hatakula. Diwani hajamlazimisha yeyote kula saruji.

Raia Mwema, Jinja

Hapo nimecheka, Mzee, na nimeelewa. Bado nasema faragha iwekewe mwisho, kwa sababu nimeona nasaha za siri zilizodumu mpaka muhula wa mtu ukaisha.

Mwalimu wa Madrasa

Mwenyezi Mungu awalipe kheri nyote. Nimemsomea imamu majibu haya, isipokuwa hoja ya kwanza ya Hajati, ile ya neno Khawariji, ambayo nilimpa asome mwenyewe. Alinyamaza kidogo, kisha akasema atazungumza na yule kijana wa ujumbe wa sauti kabla ya Ijumaa. Tumekubaliana twende kwa diwani watu watatu: imamu, mweka hazina wa kamati, na mimi. Naomba mwongozo wa namna ya kwenda, maana sijawahi kumuuliza mtu mkubwa kuliko mimi habari ya fedha.

Hajati Mwalimu, Mbale

Nendeni baada ya Alasiri, na msimkute nyumbani mbele ya watoto wake. Mwombeni mkutane ofisi ya msikiti. Chukueni daftari lenyewe, msichukue picha ya daftari. Imamu aanze kwa kumshukuru kwa ile mifuko 38 iliyofika, kwa kuwa hiyo imefika kweli, halafu mweka hazina aulize mifuko 22 iko wapi, aulize kama swali, wala sauti isiwe ya shtaka. Mpeni siku za kuleta karatasi zake za kupokelea mzigo, mkubaliane tarehe, na mwiandike mbele yake. Akileta, kijana aliyesambaza ujumbe autangue katika makundi yaleyale manne, kwa sauti ileile. Tarehe ikipita bila jibu, mpeleke barua kwenye kamati nzima, kisha kwa mkuu wa gombolola, na ikibidi ofisi ya IGG (Mkaguzi Mkuu wa Serikali), na hapo hakuna anayeweza kuwaambia kwamba mmemsengenya, kwa sababu miongoni mwa mambo ambayo Imamu Nawawi ameyatoa katika usengenyaji uliokatazwa ni mwenye kudhulumiwa kumshtakia mwenye uwezo wa kumrudishia haki. Nawawi mwenyewe alimwandikia Sultani Baybars barua kutetea mali za watu wa Damascus. Jambo hilo lilikuwa la umma, naye alimwandikia mwenye mamlaka juu yake.

Na yule kijana wa bodaboda? Sijaona jina lake katika ratiba yenu.

Mwalimu wa Madrasa

Hajati, nilimtafuta jana. Sikumwita wala sikumpelekea mtu. Nilisimama stendi kama abiria, nikamwomba anipeleke sokoni. Njiani hatukuzungumza kitu. Tulipofika nilimpa shilingi 2,000, akawa anatafuta chenji kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika, kisha akaniuliza kama yule ndugu bado husali safu ya nyuma. Nikamwambia husali. Akasema basi atakuwa anakuja Alasiri, kwa sababu saa hiyo yule ndugu huwa kazini.